Nyekundu Haizikwi

Alfajiri, machinjio hayajaamka,
mlango wa Tekla ulikutwa umeandikwa.
Herufi nne tu: DILI.
Rangi mbichi, mkia wa L umechuruzika
hadi kizingitini, penye ndala zake na za mtoto.

Sisi wa Vingunguti wekundu tumeuzoea,
huteremka mferejini kila asubuhi na kunguru wake.
Lakini huu ulikuwa wa kopo, rangi ya mafuta.
Naujua. Niliuchanganya mwenyewe
kwa bango la duka la dawa.

Miaka kumi na tisa naandika mabango.
Kila mkono una mwendo wake.
Ile D iliyotanguliza tumbo kama mja mzito
nilimfundisha Pazi, nimemshika kiwiko:
vuta, usisukume.
Pazi, mwanagenzi wangu, mtoto wa dada yangu.

Nikanyamaza.
Nalisema mapema, usije ukanipamba.

Bi Siwema, mjumbe wetu, hakunyamaza.
Alipiga sufuria ya ubwabwa kwa mwiko
mpaka wapangaji wakatoka na miswaki midomoni.
Hakuhutubia. Aliuliza:
Dirisha la nani linatazama mlango huu?
Nani hurudi usiku wa manane?
Nani ana filimbi?

Refa wa timu ya mtaa alikuwa nayo moja.
Kufika Ijumaa zilikuwa thelathini na mbili,
za plastiki, za Kariakoo, zenye ladha ya sabuni.
Moja, mtoto anacheza.
Tatu, toka ulivyo, hata na taulo.

Mabruki wa machinjioni, mwenye visu saba,
akaomba zamu ya kumpeleka Leokadia shule.
Visu aliviacha kwake. Begi la pinki akalibeba yeye.
Bodaboda waliulizwa na mgeni,
"Yule mweupe anakaa wapi?"
Wakamjibu, "Mtaa huu watu wana majina,"
wakaiandika namba ya gari lake kwenye viganja.
Polisi walitupa namba ya jalada.
Kila Jumatatu Bi Siwema huenda kituoni kuiulizia
kama anayedai deni la unga.

Tekla alikaa kimya kikao kizima,
kofia yake pana magotini.
Mwisho akasema, "Msinilinde kama yai.
Nipeni filimbi, na mimi nipangiwe zamu."
Akapangiwa Jumatano.

Kazi yangu mimi ilikuwa kufuta.
Nikapaka nyeupe. Asubuhi
DILI ilikuwa imerudi, ya waridi, kama kovu.
Nikapaka tena. Ikatoboa tena.
Kila fundi anajua, na mimi nilijua:
nyekundu haizikwi, hukwanguliwa.

Nikasimama kikao cha pili.
Niliposema "mkono ule nimeufundisha mimi"
dada yangu alitoka nje, na mpaka leo
salamu yake ni ya kichwa tu.

Pazi alitaja elfu kumi,
watu wawili, kijiwe kile cha relini.
"Walisema ni alama tu, mzaha."
Nani anaweka alama ya mzaha kwenye mlango wa mtu?
Majina yakaenda kwenye jalada. Yeye pia alikwenda,
akarudi baada ya siku nne, mwembamba.

Bi Siwema akampa msasa.
Alikwangua mchana kutwa, vumbi jekundu nyusini.
Tekla akasogeza jicho karibu na mbao,
karibu kabisa, kama anavyosoma madaftari ya wanafunzi.
"Hapa bado," akasema.
Kesho yake tena, "Hapa bado."

Jumatano iliyopita, saa nane usiku, zikalia tatu.
Tulitoka na taulo, na mwiko, na peku.
Haikuwa kwake Tekla. Ndiye aliyepuliza,
amesimama mlangoni pa bibi muuza samaki wa kukaanga
ambaye moshi umemwekundisha macho,
na vijana sita uani, mawe mikononi,
wakimwita mchawi.

Nilipofika, mtu alikuwa amenitangulia,
amejipanga ubavuni kwa Tekla, anahema.
Sikuuona uso. Niliiona mikono,
kucha zake bado nyekundu kwa ndani.